Kufuli Liwe Ngazini, Si Getini

Hotuba ya msanifu majengo mbele ya wakazi wa Tudor, wanafunzi na wenye nyumba, Mombasa. Imeandikwa upya kwa ajili ya wasomaji.

Wazee wangu, mama zangu, wenye nyumba mliofika, na nyinyi vijana wa chuo mliojaa kule nyuma: asalaam aleikum, na habari zenu za jioni.

Nimeombwa nizungumzie mabweni ya wanafunzi, hasa swali linaloulizwa mitaani tangu hosteli zianze kuota kila kona, kuanzia hapa Tudor hadi Kisauni, Mishomoroni na Bombolulu. Je, hosteli na mtaa vinaweza kutumia ua mmoja, maji mamoja na chumba kimoja cha kusomea bila ya mmoja kumkera mwenziwe? Jibu langu ni ndiyo, kwa masharti. Na masharti mengi yanawekwa kwenye ramani, siku ambayo bado hakuna tofali hata moja. Tumezoea kuwalaumu vijana kwa kelele na wazee kwa ukali, na kumbe mara nyingi mwenye makosa ni ukuta uliojengwa mahali pabaya.

Chuo kilicho jirani yetu, ambacho leo tunakiita Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, kilianza kama Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa, MIOME kwa kifupi cha Kiingereza, na kikapokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1951. Fedha za kukijenga zilitoka kwa Sultani wa Zanzibar, kwa Aga Khan, kwa jamaa wa Kibohora, Waislamu wenye asili ya Kihindi, na kwa serikali ya kikoloni. Mwaka 1966 kikawa chuo cha ufundi, 1972 kikaitwa Mombasa Polytechnic, 2007 kikawa chuo kishiriki cha chuo kikuu, na 2013 kikawa chuo kikuu kamili. Kila jina lilivyobadilika ndivyo wanafunzi walivyozidi, na vitanda ndani ya ua wa chuo havikuzidi kwa mwendo huo. Waliokosa kitanda wakaja kwetu kupanga. Kwa hiyo mwanafunzi si mgeni tunayejadili kama tumpokee au tusimpokee. Ameshaingia, amelipa dipositi, na anachota maji pale pale tunapochota sisi.

Tatizo ni namna tulivyomjengea. Hosteli ya kawaida mnaijua: ghorofa tano au sita zimejaza kiwanja chote, ukuta mrefu wenye vipande vya chupa juu, geti moja la chuma, na soja ameketi kwenye kiti cha plastiki. Ndani ya ukuta kuna nafasi ya kuegesha gari la mwenye nyumba, basi. Hakuna pa kukaa, hakuna mti. Kijana akitaka hewa anatoka nje, na huko nje mtaa nao hauna pa kukaa, kwa sababu ukuta umeanzia pale lami inapoishia. Ataegemea pikipiki ya bodaboda, atasimama mlangoni mwa kinyozi, au ataketi kwenye baraza la mtu ambaye hakumkaribisha. Hapo ndipo maneno yanapoanza.

Sasa tazameni nyumba zetu wenyewe. Nyumba ya Majengo, ile ya ukumbi katikati na vyumba huku na huku, ina baraza mbele na ua nyuma, na uani kuna jiko, choo na kamba za nguo. Mwenye nyumba anakaa chumba kimoja na familia yake, wapangaji wanakaa vilivyobaki. Watu wasio ndugu wameishi hivyo miaka nenda miaka rudi, wakitumia jiko moja. Wamewezaje? Kwa sababu nyumba ile inamkaribisha mtu kwa hatua. Wa barazani hana haja ya kufika ukumbini, na wa ukumbini hana haja ya kuona uani. Mji wa Kale ni vivyo hivyo: baraza, kisha daka, yaani ukumbi wa mlangoni, kisha ndani, na mlango umepindishwa kidogo ili anayepita njiani asione sebule. Huwezi kuingia ghafla. Na kwa kuwa huwezi kuingia ghafla, mwenye nyumba hana hofu ya kukukaribisha barazani.

Hosteli tuliyoijenga ina hatua moja tu: nje au ndani. Ndiyo maana kila kitu kimefungwa.

Pendekezo langu kubwa ni hili, na mengine yote yanatoka humo: kufuli litoke getini liende ngazini. Jengo lisogezwe nyuma kidogo kutoka barabarani. Ukingo wa kiwanja, pale tunapojenga ukuta leo, pawe na vitu vya mtaa: baraza refu la mawe, vibanda vya chakula, sehemu ya kuuzia maji, chumba cha kusomea. Nyuma ya hivyo pawe na ua wa pamoja, unaofunguliwa asubuhi na kufungwa usiku kwa saa zilizokubaliwa. Nyuma ya ua ndipo zianze ngazi, kila moja na mlango wake na kufuli lake, na kila moja ihudumie watu wachache wanaojuana kwa sura. Chumba cha mwanafunzi kiwe hatua ya nne kutoka barabarani. Soja aketi palipo na ngazi, anapoweza kujua nani analala humu na nani si wa humu.

Niseme juu ya idadi. Mjini Copenhagen, nchini Denmark, kuna bweni la wanafunzi liitwalo Tietgenkollegiet, lililokamilika mwaka 2006. Lina umbo la duara, na wasanifu wake, Lundgaard & Tranberg, walichukua wazo hilo kutoka nyumba za duara za Wahakka kule Fujian, China. Lina vyumba 360, lakini humkuti mwanafunzi aliyepotea katika watu 360, kwa sababu kila watu 12 wana jiko lao na sebule yao. Njia tano zimepasua duara hilo ili mtu wa nje aweze kuingia hadi uani. Namba 12 naipenda sana. Ni watu unaoweza kujua nani ameacha sufuria chafu bila ya kuitisha mkutano. Duara lenyewe nisingelileta hapa. Ua uliozungukwa na madirisha ya majiko na sebule pande zote ni ua ambao mama wa Tudor hatakaa hata dakika tano, maana kila upande ana macho juu yake. Kwetu mahali pa jirani pawe ukingoni, penye mgongo wa ukuta na upenyo wa kuondoka.

Vitu vya ukingoni sasa, nianze na baraza, kwa sababu watu hudhani ni pambo. Baraza lina upande wake wa kukaa. Mombasa iko nyuzi 4 tu kusini mwa ikweta. Jua linapita karibu utosini mwaka mzima, linatuchoma asubuhi kutoka mashariki na alasiri kutoka magharibi. Watu wetu hukaa nje baada ya sala ya alasiri, saa kumi hadi magharibi. Basi baraza liwe upande wa mashariki wa jengo, ili jengo lenyewe liwe kivuli chake. Ukilijenga upande wa magharibi, hata ulipambe kwa marumaru, hakuna atakayekaa. Nimeona mabaraza mazuri yaliyobaki kukaliwa na paka kwa sababu mchoraji hakuuliza jua linazamia wapi. Urefu wa kiti usizidi sentimita 45, kina kifike 60 ili mtu mzima aweze kukunja mguu, na uso uwe wa chokaa au jiwe laini. Vigae vya kuteleza ni hatari kwa wazee siku ya mvua.

Jengo refu lielekee mashariki na magharibi kwa ncha zake, madirisha yatazame kaskazini na kusini, na pawe na njia za upepo zinazopita chini kwa chini hadi uani. Kusi ikivuma katikati ya mwaka, na Kaskazi kuanzia Desemba, ua upate hewa pande zote mbili. Hilo ni jambo la msingi, kwa sababu ua wa joto hauna ujirani. Na mti usisahauliwe. Mwarobaini unakua upesi, mkungu unatanda vizuri.

Chakula. Wenye hosteli wengi hupenda kukodisha kantini moja kwa mtu mmoja mwenye mtaji. Mimi naomba kantini hiyo ivunjwe iwe vibanda vinne au vitano vidogo, kila kimoja na madirisha mawili: moja latazama barabara, la pili latazama ua. Mama anayeuza mahamri na mbaazi asubuhi atawauzia watoto wa shule upande huu na wanafunzi upande ule, kutoka karai moja. Jioni mwingine atauza viazi karai, mwingine kahawa chungu na kashata. Kodi ya vibanda iwe ndogo, na wapewe kwanza wanawake waliokuwa wakiuza mtaa huo kabla ya hosteli kuja. Chuo kikifungwa na wanafunzi wakaenda kwao, vibanda vile bado vina wateja wa barabarani. Kantini ya ndani hufa kila likizo.

Likizo lenyewe ni jambo ambalo wachoraji hulisahau. Nafasi za pamoja zinazotegemea wanafunzi peke yao hukaa tupu miezi kadhaa kila mwaka, na mahali patupu huharibika. Jirani akiwa na haki yake ya kudumu pale, taa zitawaka na bomba litatengenezwa hata chuo kikiwa kimefungwa.

Maji nitayasemea kwa urefu, kwa sababu hakuna nyumba hapa isiyoyajua. Kisiwa chetu hakina mto. Tunategemea maji ya mbali, Mzima, Baricho, Marere, na mfereji ukikauka mtaa mzima unamngoja hamali na mkokoteni wake wa mitungi. Hosteli huchimba kisima cha bomba, na maji yake mara nyingi ni ya chumvi. Yanafaa kwa choo na kusafishia sakafu. Kwa kupikia hayafai. Lakini juu ya hosteli kuna paa. Mombasa hupata mvua ya takriban milimita 1,000 kwa mwaka, na kila milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita 500 za mraba linapokea lita 500,000. Tukipoteza sehemu moja ya tano, zinabaki lita 400,000, yaani mitungi 20,000 ya lita 20. Tangi halitaweza kuzishika zote, kwa sababu mvua ya masika huja kwa wingi mara moja. Hata hivyo tangi la lita 50,000 hujaa kwa mvua ya milimita 125, na mwezi wa Mei kwa kawaida hupita hapo. Gata na tangi ni gharama ndogo ukizilinganisha na gharama ya slabu moja. Wekeni bomba la maji hayo ukingoni, upande wa barabara, kwa bei iliyo chini ya bei ya mkokoteni, na mtaona ujirani unaanza kabla hata rangi ya kuta haijakauka. Wenye hosteli wanaouliza watapata faida gani, nawajibu: hakuna mlinzi bora kuliko mtaa unaotegemea tangi lako.

Kufua. Naomba wanaume wenzangu wasilipite. Nguo za wanafunzi wengi hufuliwa na mama wa mtaani kwa malipo, na leo kazi hiyo hufanywa kwenye ngazi, mlangoni, au ndani ya bafu lisilo na hewa. Tujenge mahali pa kufulia panapoitwa hivyo kwenye ramani: masinki ya zege yaliyoinuliwa ili mtu asivunjike mgongo, paa, mfereji wa maji machafu, na kamba za kuanikia nyuma ya ukuta wa matundu. Pawe pa wanawake. Ukuta wa matundu upitishe upepo na uzuie macho. Nimekaa na wanafunzi wa kike wakaniambia wazi kwamba ua unaosemwa ni wa wote huishia kuwa wa wavulana na mpira wao. Wana haki ya kulisema. Hivyo sehemu moja ya ua iwe yao kwa ujenzi, wasiipate kwa kuombewa na tangazo lililobandikwa ukutani.

Chumba cha kusomea kiwe mlango wa barabarani. Mtoto wa shule anayeishi chumba kimoja na ndugu zake watano hana pa kufungulia kitabu usiku, na mwanafunzi wa chuo kikuu pia anatafuta meza na taa. Wote wawili wanatafuta kitu kimoja kwa saa zile zile. Huko Uholanzi, mjini Deventer, kuna nyumba ya wazee iitwayo Humanitas, ambako wanafunzi wachache wanakaa bila ya kulipa kodi, na badala yake kila mmoja hutoa saa 30 kwa mwezi kuwa pamoja na wazee. Wazee wetu, alhamdulillahi, wengi bado wanakaa na watoto wao. Lakini tunaweza kufanya mapatano ya namna hiyo kwa watoto wetu: mwanafunzi anayefundisha hesabu au sayansi kwa saa zinazojulikana apunguziwe kodi kwa kiasi kinachojulikana, na yaandikwe kwenye mkataba. Yasiwe fadhila. Fadhila huchosha upande mmoja na kuaibisha wa pili. Na ratiba ifuate maisha ya hapa: alasiri watoto wako madrasa, na Ramadhani usiku hugeuka kuwa mchana.

Sasa usalama. Najua wengi mnangoja nifike hapa. Aprili 2, 2015, watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi, wengi wakiwa bwenini alfajiri. Hakuna mzazi wa Kenya aliyesahau. Tangu hapo kila mwenye hosteli ameinua ukuta, na mimi siwezi kusimama mbele ya mzazi nikamwambia hofu yake ni ya bure. Namwomba tu atazame jinsi ukuta unavyofanya kazi. Wale wauaji walipita getini, baada ya kuwapiga risasi walinzi. Geti moja likishapitwa, kila aliye ndani amefungiwa pamoja na adui, na njia ya kutokea ni ile ile aliyoingilia. Moto nao hauna tofauti: madirisha ya nondo na mlango mmoja vimeshaua watoto katika mabweni ya nchi hii. Mpango wa ngazi nyingi zenye makufuli yake una milango mingi imara, na kila ngazi ina njia ya pili ya kutokea. Ua wenye watu tangu alfajiri una macho yanayojua sura. Sidai kwamba hayo yanazuia bunduki. Nadai kwamba ukuta peke yake haujazuia, na umetunyima mengine yote.

Nimebakisha jambo gumu kuliko yote. Hosteli ikija, kodi hupanda. Chumba kilichokuwa cha mama na watoto watatu hugawanywa kikawa cha wanafunzi wawili, kila mmoja akilipa peke yake, na mama huyo huhamia mbali. Hapa kwetu kuna hatari zaidi, kwa sababu nyumba nyingi za Mombasa zimesimama kwenye ardhi ya mtu mwingine: mwenye nyumba ana kuta na paa, analipa kodi ya kiwanja, na mwenye ardhi akipata mnunuzi, ndiyo basi. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,208,333 katika kaunti hii. Hatuna ardhi ya kuwatawanya. Naweza kuwachorea baraza zuri kuliko yote ya pwani, na likamilikapo wale niliowachorea wawe wamehamishwa. Ndiyo maana nasema kiwanja cha kwanza cha hosteli ya namna hii kiwe ardhi ya umma au ya chuo, pasivunjwe nyumba ya mtu, na mkataba useme kwamba sehemu za ukingoni haziwezi kubadilishwa kuwa vyumba vya kupangisha. Mwenye pesa atajaribu. Kila baraza lililozibwa kwa matofali likawa duka lilianza kwa mtu kusema ni la muda tu.

Mnayo haki ya kudai haya mkiwa na Katiba mkononi. Kifungu cha 10 kinautaja ushiriki wa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa, na cha 43 kinampa kila mtu haki ya makazi yanayofaa. Sheria ya mipango ya matumizi ya ardhi ya mwaka 2019 inataka nia ya ujenzi itangazwe na watu wapewe nafasi ya kutoa maoni. Tangazo hilo mara nyingi ni kibao kidogo kilichotundikwa kwenye mabati, na siku za maoni zinapita. Kisomeni kibao. Nendeni mapema, kabla slabu ya kwanza haijamwagwa, maana baada ya hapo kila ombi lenu litaitwa usumbufu.

Na iwepo kamati ya watu wa pande zote: wakazi, wanafunzi, mwenye jengo, na mama mmoja wa vibanda. Ishike ufunguo wa ua na hesabu ya maji. Wanafunzi huhitimu wakaondoka, kwa hiyo wakazi wawe wengi kidogo. Ndugu zangu vijana, najua hilo mmeliguna. Lakini nyinyi mtakaa miaka minne, na bibi aliyeketi hapa mbele amekaa tangu kabla wazazi wenu hawajaoana.

Kabla ya maswali: ramani zimetandikwa kwenye zile meza mbili, na kalamu nyekundu zipo. Naomba mama zetu waanze. Chora pale unapoanika nguo sasa, pale watoto wanapochezea, pale maji yanapotuama wakati wa masika, na njia unayopita ukienda msikitini au sokoni ambayo hutaki izibwe. Wanafunzi mtafuata, mkaonyeshe mnapokaa usiku taa zikizimika. Wasaidizi wangu wataandika kila alama, na nakala itabaki kwa mwenyekiti wa mtaa, ili tutakaporudi na ramani ya pili mtukamate kwa kila alama tuliyoiacha.